Babu hakuwa rubani

Wiki iliyopita kwenye hitima ya babu, mzee mmoja alisimama akamtaja kama "rubani wetu wa mwanzo". Watu wakaitikia. Nikanyamaza, maana pale si mahali pa kubishana na mzee. Lakini nimelisikia neno hilo mara nyingi mno, na mimi mwenyewe ni fundi wa ndege, kwa hiyo nalisema hapa: babu hakurusha ndege hata siku moja. Alikuwa fundi.

Chanzo ni ile picha ya sebuleni. Babu kijana, kashika panga la propela ya DC-3, ndege ya abiria ya injini mbili, na kila mgeni husema, "Hapo anaiwasha."

Haiwashi. DC-3 ina starta.

Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza mwaka 1946 na Dragon Rapide, ndege za mbao na kitambaa. DC-3 zilikuja baadaye. Babu alitoka Tanga akaanzia uwanja wa ndege wa Eastleigh, Nairobi, akifuta oili na kuzungusha propela. Uwanja wa Embakasi ulipofunguliwa mwaka 1958 akahamia huko. Leseni aliipata kwa jasho, miaka mingi mbele.

Sasa hiyo kazi ya kuzungusha propela, ambayo watu wanaiona ya kibarua. Kila injini ya DC-3 hizo ina silinda 14 zilizopangwa kama miale kuzunguka shafti, kwa hiyo baadhi zinaangalia chini. Ndege ikilala usiku kucha, oili huteremka taratibu na kujaa kwenye hizo za chini. Hewa inabanika, oili haibaniki. Ukibonyeza starta, pistoni inakutana na oili na konrodi, fimbo inayoiunganisha pistoni na shafti, inapinda. Kibaya zaidi, huenda isivunjike hapo hapo. Inaweza kupinda kidogo, injini ikawaka vizuri, ikaja kukatikia angani.

Ndiyo maana asubuhi unazungusha kwa mkono, panga baada ya panga, magneto, yaani vifaa vinavyotoa cheche za kuwasha injini, zikiwa zimezimwa. Na hata zikiwa zimezimwa, ichukulie injini kama iliyo hai: waya wa kuzimia magneto ukikatika, inaweza kupiga na mkono wako uko palepale. Propela ikigoma, usiirudishe nyuma! Hili linaniudhi kuliko yote, kwa sababu nimeona watu wazima wakilifanya. Ukirudisha nyuma, oili inasukumwa kupitia vali iliyo wazi hadi kwenye bomba la kuingizia hewa, inakaa humo ikisubiri, na injini ikiwaka inavutwa tena ndani ya silinda. Hujaondoa hatari, umeificha. Fungua plagi za chini, oili imwagike, basi.

Vitabu vinasema usimame ukihisi ukinzani usio wa kawaida. Upi huo? Kila silinda inakinza ikibana hewa. Hewa inakurudisha kama godoro, oili inakukatalia kama ukuta, lakini oili kidogo iko katikati ya hivyo viwili, na hapo mimi nina shaka mpaka leo. Propela ni wenzo mrefu. Wanaume wawili wenye nguvu wanaweza kuipinda konrodi kwa mikono yao wenyewe wakidhani wanaiokoa. Babu alikuwa na sheria yake: mtu mmoja kwa panga moja, na likikataa, acha.

Rubani alipanda akiamini sahihi ya fundi kwenye daftari la ndege. Sahihi hiyo ilikuwa ya babu, na mimi naona inatosha kumwita mwanzilishi bila kumvisha kofia isiyo yake.

Mkija nyumbani itazameni tena ile picha. Anayepigwa picha tu hulikumbatia panga kama bega la rafiki. Viganja vya babu vimelala bapa, vidole vimenyooka visije vikanaswa, mguu mmoja uko nyuma tayari kuondoka. Chini ya injini kuna karai, na ndani yake oili nyeusi.