Tumbo Joto: Tumbo na Akili Vinavyosemezana, na Yale Ayurveda Iliyoyaona Mapema

Mwanafunzi anayengoja matokeo ya mtihani huwa na tumbo joto. Mfiwa akiletewa sahani ya wali husema chakula hakishuki. Mtu akiitwa ghafla na mkubwa wake kazini, hutafuta choo kwanza. Waswahili hatukusubiri maabara kujua kwamba tumbo husikia yanayompata mwenye tumbo.

Hata hivyo, katika kliniki yetu ya magonjwa ya mfumo wa chakula naona watu wakisita kulisema. Mgonjwa ataeleza kiungulia, gesi, na choo kinachofunga siku nne kisha kikafunguka kwa kuharisha. Hatasema kwamba yote yalianza mwezi alioachishwa kazi, mpaka aulizwe. Na akiulizwa huona kama nimemwambia anajisingizia.

Hajisingizii. Ukuta wa njia ya chakula, kuanzia umio hadi mwisho wa utumbo mpana, una mtandao wake wenyewe wa seli za neva zaidi ya milioni 100. Mtandao huo husukuma chakula na kuamuru utoaji wa majimaji bila kungoja amri ya ubongo kwa kila jambo. Kati yake na ubongo hupita neva ndefu iitwayo vagasi. Wengi hudhani kazi yake ni kuteremsha amri kutoka kichwani, kumbe nyuzi zake nyingi, takriban asilimia 80, hupandisha habari kutoka tumboni. Serotonini nayo, kemikali ambayo watu wameisikia kupitia dawa za sonona, zaidi ya asilimia 90 yake hutengenezwa katika njia ya chakula. Haivuki kutoka kwenye damu kuingia ubongoni, kwa hiyo msiwaamini wauzaji wanaodai kwamba unga wao wa tumbo utawajaza furaha kichwani. Kazi yake huko chini ni kuamsha misuli ya utumbo na kuzigutusha neva zinazopeleka habari juu.

Mtu akiwa na hofu, tumbo huchelewa kumwaga chakula chake, ilhali utumbo mpana huharakisha mwendo. Juu kumejaa, chini kunakimbia. Mgonjwa anayesema “nimeshiba toka asubuhi na bado naharisha” anaeleza sawasawa kinachotokea ndani yake.

Mwaka 1822, katika kisiwa cha Mackinac huko Marekani, kijana aliyeitwa Alexis St. Martin alipigwa risasi, na kidonda chake kikapona kikiacha tundu lililofika hadi ndani ya tumbo. Daktari wa jeshi William Beaumont alilichungulia tundu hilo kwa miaka kadhaa na kuchapisha aliyoyaona mwaka 1833. Kijana alipokuwa na hasira au hofu, utando wa ndani ya tumbo wakati mwingine uligeuka mwekundu na mkavu. Kwa tabibu wa Magharibi wa wakati ule huo ulikuwa ugunduzi.

Kwa tabibu wa India lilikuwa somo la zamani. Charaka Samhita, mojawapo ya vitabu vya msingi vya Ayurveda, tiba ya jadi ya India, kilichoandikwa kwa Kisanskriti miaka inayokaribia 2,000 iliyopita, kina sehemu inayozungumzia kipimo cha chakula. Humo imeandikwa kwamba hata chakula kizuri, kilicholiwa kwa kipimo chake, hakisagiki kwa mtu mwenye wasiwasi, huzuni, woga au hasira, wala kwa aliyelala pabaya au aliyekesha. Mimi hurudia mara nyingi maneno hayo mawili ya mwisho. Mwandishi hakuishia kwenye hisia, aliukumbuka pia usingizi. Mlinzi wa usiku, muuguzi wa zamu na mama anayenyonyesha wote wamo katika sentensi ile.

Ayurveda huuita uwezo wa kusaga chakula agni, yaani moto, na husema una hali nne: uliotulia, usiotabirika, mkali kupita kiasi, na uliofifia. Moto usiotabirika, leo unawaka kesho umezimika, hufanana sana na tumbo la wale tunaowapima kila kipimo na kuwakuta hawana kidonda wala uvimbe, lakini wanaumwa kweli. Wataalamu wa Ayurveda huuhusisha moto huo na vata, nguvu ya upepo mwilini. Msomaji wa pwani atakumbuka bibi yake akisema “una riahi”. Sitadai kwamba maabara yetu inaweza kuipima agni, au kwamba sayansi imethibitisha zile nguvu tatu ambazo Ayurveda husema huuendesha mwili, yaani vata, pitta na kapha. Nazichukua kama lugha ya watu waliotazama kwa makini kwa karne nyingi.

Kitabu hichohicho kinashauri tumbo ligawanywe sehemu tatu: moja ya chakula kigumu, moja ya majimaji, na moja iachwe wazi kwa shughuli za mwili wenyewe. Waislamu watakuwa wameshaikumbuka hadithi ya Mtume kuhusu theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi. Kinaagiza pia chakula kiliwe kikiwa moto, baada ya kile cha kwanza kusagika, bila pupa, bila kuvuta muda mno, bila kuzungumza wala kucheka, na moyo ukiwa kwenye chakula.

Hilo la kutozungumza silishurutishi. Mkeka mmoja na sinia moja ni dawa kwa wengi, na mtu anayekula peke yake kila siku mara nyingi ndiye anayekula vibaya. Nawaomba waweke simu mbali. Kula huku unasoma habari za kukutia hofu ni kuuambia mwili ukimbie na usage chakula kwa wakati mmoja. Kaa kwanza dakika tatu au nne, vuta pumzi taratibu mpaka tumbo liinuke, itoe polepole zaidi kuliko ulivyoivuta. Upumuaji wa namna hii umejaribiwa na kuonekana kuwapunguzia baadhi ya watu kiungulia na kubeua kusikoisha.

Kuhusu jikoni, uhusiano wetu na India ni wa damu na biashara. Familia nyingi za Kihindi za Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam asili yao ni Kutch na Gujarat, na viungo vyao viko katika vyungu vyetu. Khichdi, wali uliopikwa laini pamoja na choroko, bizari nyembamba na manjano, ndicho chakula ambacho Ayurveda humpa mtu aliyechoka tumbo. Sisi tuna mseto. Mtu anayetoka kwenye kuharisha na akala mseto laini usio na mafuta mengi amekula vizuri, na hahitaji kuagiza chochote kutoka ng’ambo. Tangawizi ina ushahidi mzuri wa kupunguza kichefuchefu, kikiwemo cha ujauzito. Maganda ya mbegu za isabgol (psyllium), mmea unaolimwa kwa wingi Gujarat, yanapendekezwa hata na madaktari wa hospitali kwa choo kigumu na kwa tumbo lile lisilotabirika: anza na kijiko kidogo, kwa glasi nzima ya maji. Mwenye shida ya kumeza asiyatumie. Manjano nayo yalifanyiwa jaribio nchini Thailand kwa watu 206 wenye maumivu ya tumbo la juu yasiyo na kidonda, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 yalionyesha dondoo lake likikaribiana na omeprazole, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo. Jaribio lilikuwa la siku 28 tu, na vidonge vyenye dondoo kali la manjano vimewahi kuwaumiza watu ini. Manjano ya mchuzini hayana tatizo hilo.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, watafiti walipima dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani katika eneo la Boston, Marekani, na 14 kati yake zilikutwa na madini ya risasi, zebaki au aseniki. Baadhi ya madini hayo hutiwa kwa makusudi, kwa kufuata tawi la kale la tiba hiyo linalotumia metali zilizochomwa. Risasi yenyewe husababisha maumivu ya tumbo na choo kufunga, na mtu akazidi kunywa unga uleule unaomwumiza. Mzizi mtamu wa yashtimadhu (liquorice) ukitumiwa kwa muda mrefu hupandisha shinikizo la damu. Ukija kwa daktari, njoo na pakiti au kichupa chenyewe, na usione haya.

Na lipo kosa la upande wa pili, ambalo hunisikitisha zaidi kwa sababu tiba yake ipo. Mtaani tunasema vidonda vya tumbo huletwa na mawazo. Vingi huletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, au na dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Daktari Barry Marshall wa Australia alimnywa bakteria huyo mwaka 1984 ili kuonyesha kwamba huwasha tumbo, na mwaka 2005 yeye na mtafiti mwenzake Robin Warren wakapata Tuzo ya Nobel. Kipimo cha choo au cha pumzi kinamtambua, na antibiotiki zikitumiwa pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida kwa siku 10 hadi 14, humwondoa kwa wengi. Usimwambie ndugu yako mwenye kidonda apunguze mawazo kabla hajapimwa.

Aidha, usingojee mseto wala pumzi ukiona choo cheusi kama lami au chenye damu, ukitapika damu, ukikonda bila sababu, ukiishiwa damu, au maumivu yakikuamsha usiku. Chakula kikianza kukwama kifuani, kwanza ugali kisha hata uji, nenda hospitali wiki hiyohiyo: saratani ya umio imeenea Afrika Mashariki, na wagonjwa wengi hutufikia wakiwa tayari wanashindwa kumeza maji.