Meya hang'olewi kwa karatasi za saini

Wiki hii tena. Mzee mmoja kaingia ofisini kwangu hapa Area D, Dodoma, na rundo la karatasi zilizochorwa mistari kwa rula: jina, mtaa, namba ya kadi ya mpiga kura, saini. Wasiojua kuandika wameweka dole gumba. Katoka mji mmoja wa kanda hii ya kati, sitautaja. "Wakili, peleka hizi Tume ya Uchaguzi wamwondoe meya. Si ndivyo walivyofanya Oakland?"

Jamani.

Tuanze na hiyo Oakland ya California, maana hata yenyewe mnaisimulia kinyumenyume. Meya Sheng Thao aliondolewa na wapiga kura Novemba 2024. Saini zilikusanywa kwa hasira za uhalifu na za kumfukuza mkuu wa polisi. FBI walipokwenda kupekua nyumba yake Juni 2024, kampeni ya kumwondoa ilikuwa imeshafika mbali. Mashtaka ya rushwa yamekuja Januari 2025, yeye ameshatoka ofisini, na ameyakana. Kura ile haikuthibitisha wizi wowote. Seattle walimng'oa Hiram Gill 1911 kwa kulea kamari na madanguro, halafu 1914 wakamchagua tena. Wapiga kura wana hiari yao.

Huku kwetu Sheria Na. 8 ya 1982 ya mamlaka za miji haina kitu hicho. Meya hamkumpigia kura nyie. Mlimpigia diwani, madiwani wakachaguana. Waliompa joho ndio wanaomvua, kwa theluthi mbili ya madiwani. Ndivyo alivyoondolewa Isaya Mwita wa Dar es Salaam Januari 2020, na ubishi ukahamia kwenye kama theluthi mbili imetimia. Basi.

Kinachonikera hasa ni hii "meya kala hela". Kaila vipi? Afisa masuhuli wa halmashauri, yaani anayewajibika kwa fedha zake, ni mkurugenzi, na mkurugenzi anateuliwa na Rais. Malipo yanaanzia idarani, yanapita kwa mweka hazina, yanaingia kwenye MUSE, mfumo wa kompyuta wa malipo ya serikali, na meya hana pa kubonyeza. Yeye anaongoza Baraza na Kamati ya Fedha na Uongozi. CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, akitoa hati yenye mashaka, mtaani wanasema meya mwizi, wakati wa kwanza kuulizwa zilipo stakabadhi ni mkurugenzi. Mkimng'oa meya leo, kesho mkurugenzi yuleyule anamwandalia makabrasha meya mpya.

Lakini nisiwadanganye. Kamati ya Fedha ina mdomo. Mzee wangu analalamika kwamba vizimba vya soko jipya wamepewa shemeji za meya, na huenda ni kweli. Simu ya "huyo kijana mwangalieni" haiachi karatasi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 ina kosa la matumizi mabaya ya madaraka, ila kulithibitisha kwa mtu asiyesaini chochote ni kazi ngumu mno, na sina dawa yake. Nilimshauri aachane na dole gumba, atafute orodha ya waombaji wa vizimba na ya waliopewa, azilinganishe, apeleke TAKUKURU. Akaniangalia kama nimemtuma kisimani na pakacha.

Na hiyo theluthi mbili, vitabuni inasomeka kama ngao ya haki. Kwenye halmashauri ambayo karibu madiwani wote ni wa chama kimoja, jambo linaisha kwenye kikao cha chama usiku wa kuamkia Baraza. Mezani wanakuja kuinua mikono tu.

Rasimu ya katiba mpya ya tume ya Jaji Warioba ya 2013 iliwapa wananchi haki ya kumwondoa mbunge katikati ya muhula. Bunge Maalum lilikaa hapahapa Dodoma 2014 na kuifuta. Nilikasirika, na bado nimekasirika. Ila nikikumbuka Lima, mji mkuu wa Peru, nasita. Machi 2013 meya Susana Villarán alinusurika kura kama hiyo. Mwaka 2019 akakiri kwamba kampeni ya kumtetea ilipokea pesa za kampuni za ujenzi za Brazili, Odebrecht na OAS. Yaani chombo cha kumwajibisha kiongozi kilimfungulia mlango mkandarasi. Ibara ile irudi, sawa, na madiwani waingizwe humo. Lakini kabla ya kuhesabu saini, iandikwe nani kalipia karatasi, mabango na nauli za wakusanyaji, na asiyesema afutiwe zoezi zima.