Maji ya mchana hayaunguzi mwaridi

Wengi tumekatazwa kumwagilia mawaridi jua la utosi: eti kila tone hugeuka lenzi na kuchoma jani. Watafiti wa Hungaria walilipima jambo hili mwaka 2010. Tone likilala juu ya jani laini huwa bapa, na miale ya jua inayopita ndani yake hukutana mbali chini ya jani, si juu ya jani lenyewe. Majani yenye vinyweleo vinavyoliinua tone ndiyo yanayoweza kuungua. Jani la mwaridi si hivyo.

Ukiona kingo za jani zimekauka kahawia, chimbua udongo kwa kidole. Mara nyingi ni mkavu, au maji ya kisima yana chumvi. Mimi humwagilia alfajiri, shinani, kwa kuwa mchana maji mengi hupotea hewani. Lakini mwaridi ukinyauka saa saba, upe tu.