Dishi moja, ving'amuzi vingi: kwa nini kila king'amuzi kinataka njia yake

Anayetaka king'amuzi cha pili kwa ajili ya TV ya chumbani mara nyingi huanza na spliti, kile kigawanyaji kidogo cha waya: waya unaoshuka kutoka kwenye dishi unakatwa, unagawanywa mara mbili, kazi imekwisha. Na kweli picha inatoka huku na huku. Kisha aliyeko sebuleni anabadilisha chaneli, na chumbani yanatokea maandishi kwamba hakuna mawimbi. Sebuleni wakirudi kwenye chaneli ya mwanzo, chumbani picha nayo inarudi. Hapo king'amuzi kipya hutupiwa lawama zote, ilhali ni kizima.

Wengi hudhani waya ule unaleta tu mawimbi chini. Kumbe king'amuzi nacho hupeleka umeme juu, hadi kwenye LNB, yaani kile kichwa kilichoshikwa na mkono mbele ya dishi. Umeme huo unaiwasha LNB na pia unaipa amri. Volti 13 maana yake leta mawimbi ya wima. Volti 18, leta ya mlalo. Juu ya umeme huo king'amuzi kinaweza kuongeza mtetemo wa kilohezi 22, unaoiambia LNB ihamie masafa ya juu, kuanzia gigahezi 11.7 hadi 12.75. Usipokuwepo, inabaki masafa ya chini, kuanzia 10.7. Hiyo ndiyo LNB iliyozoeleka ya Ku, yaani masafa yanayotumiwa na madishi madogo ya TV.

Wima au mlalo, juu au chini: mafungu manne, na kila tundu la LNB hutoa fungu moja tu kwa wakati mmoja. Ving'amuzi viwili vikiunganishwa kwenye tundu moja, kimoja kikadai wima na kingine mlalo, basi ni fahali wawili kwenye zizi moja. Spliti ikiwa inapitisha umeme pande zote, kwa kawaida volti 18 hushinda. Zipo pia spliti zinazopitisha umeme upande mmoja tu, na hapo king'amuzi cha upande wa pili kinaishia kupokea alichochagua mwenzake. Chaneli zote mnazotazama zikiwa kwenye fungu lilelile, spliti itafanya kazi bila tatizo, na ndiyo sababu wapo watakaokuapia kwamba kwao haijawahi kusumbua.

Dawa yake ni LNB yenye matundu mengi: mawili, manne au manane. Kila tundu linasikiliza amri za king'amuzi chake tu, na kila king'amuzi kinavutiwa waya wake mwenyewe kutoka juu. Dishi halibadilishwi. Ila soma maandishi kwenye LNB kabla ya kulipa. Iliyoandikwa "Quad" ina matundu manne yanayojitegemea. Iliyoandikwa "Quattro" nayo ina manne, lakini kila moja limefungiwa fungu lake daima, kwa hiyo inahitaji maltiswichi katikati, yaani kifaa kinachopokea mafungu yote manne na kukipa kila king'amuzi fungu linaloliomba. Hiyo ni ya majengo yenye vyumba vingi. Ukiipachika moja kwa moja kwenye ving'amuzi, kila kimoja kitakosa sehemu kubwa ya chaneli.

Ikiwa haiwezekani kuvuta waya zaidi ya mmoja, kuna mfumo uitwao Unicable, ambao kila king'amuzi hupewa masafa yake ndani ya waya uleule. King'amuzi chenyewe lazima kiwe kinaukubali mfumo huo.

Kwenye kufunga, zima ving'amuzi kwanza, kwa sababu waya una umeme. Tumia waya wa omu 75, kwa mfano RG6, na uangalie koneta kwa makini: uzi mmoja tu wa ile nyavu ya nje ukigusa ncha ya katikati, ni shoti, na hapo unaweza kutafuta chanzo nusu siku.

Mawimbi yakishafika, malipo ni suala jingine. Kwenye huduma za kulipia, kila king'amuzi huwa na kadi au namba yake, na LNB ya matundu manne haifungui chaneli ambayo haijalipiwa. Na kama shida ni kuonyesha chaneli ileile kwenye TV mbili, haya yote ya nini? King'amuzi kimoja na spliti ya HDMI vinatosha.