Masafa ya TSC: kwa nini yasibadilike mashine pepe inapohama

Kila prosesa ya kisasa ya jamii ya x86, iwe ya Intel au ya AMD, ina kihesabio kinachoitwa TSC (Time Stamp Counter). Ni rejista ya biti 64 ambayo huongezeka mfululizo tangu mashine inapowashwa. Intel waliileta na Pentium mwaka 1993, na uzuri wake ni wepesi: programu huisoma kwa amri moja tu, RDTSC, bila kupitia kwenye kerneli, yaani moyo wa mfumo endeshi. Ndiyo maana hifadhidata, programu za kupitisha pakiti za mtandao na zana za kupima utendaji huipenda kuliko saa nyingine yoyote iliyomo kwenye seva.

Lakini TSC haijui sekunde. Inajua kuhesabu tu. Anayetaka sekunde lazima agawanye hesabu hiyo kwa masafa, yaani ni mara ngapi kihesabio huongezeka kwa sekunde moja. Seva yenye TSC ya 2.4 GHz huongeza 2,400,000,000 kila sekunde. Tusichanganye namba hii na kasi ya prosesa inayopanda na kushuka kulingana na kazi. Zamani kweli vilikwenda pamoja, na prosesa ikipunguza kasi ili kuokoa umeme, saa nayo ilipinda. Prosesa za seva za leo zina TSC isiyobadilika: hata viini vikipunguza mwendo au vikilala, kihesabio huendelea kwa masafa yale yale.

Sasa jambo lenyewe. Linux inapowaka huyapata masafa ya TSC, ama kwa kuyasoma kwenye prosesa ama kwa kuyapima dhidi ya saa nyingine ya mashine, kisha huyashika. Ukiangalia ujumbe wa kuwaka kwa `dmesg` utaona mstari unaotaja megahezi zilizogunduliwa. Kuanzia hapo mfumo haupimi tena. Mashine inaweza kukaa miaka miwili bila kuzimwa, ikigawanya kwa namba ile ile ya siku ya kwanza. Kwenye seva ya chuma hakuna tatizo, kwa sababu prosesa haibadilishwi seva ikiwa inafanya kazi. Mashine pepe, yaani kompyuta ya kiprogramu inayoendeshwa ndani ya seva halisi, hubadilishiwa.

Katika uhamishaji hai, mashine pepe hutolewa kwenye seva mwenyeji moja na kupelekwa nyingine huku ikiendelea na kazi. Kumbukumbu yake hunakiliwa kidogo kidogo, mwishoni husimamishwa kwa muda mfupi sana, kisha huendelea upande wa pili pasipo kujua kwamba imehama. Kwa KVM, sehemu ya Linux inayowezesha mashine pepe, programu ya QEMU inayoendesha kila mashine hubeba pia thamani ya TSC iliyofikiwa, ili hesabu isirudi sifuri. Thamani hiyo hupangwa kwa urahisi: mwenyeji mpya huongeza au hupunguza tofauti maalumu kila mgeni, yaani mashine pepe, anaposoma. Masafa ni suala jingine kabisa, kwa sababu yanatoka kwenye chuma chenyewe.

Chukua mashine pepe iliyowaka kwenye mwenyeji wa 2.4 GHz, kisha ikahamia kwenye wa 3.0 GHz. Kila sekunde ya kweli, kihesabio sasa kinaongezeka bilioni 3, lakini mgeni bado anagawanya kwa bilioni 2.4. Jibu ni sekunde 1.25. Ni kama muuza mchele aliyebadilishiwa kibaba kwa kidogo zaidi bila kuambiwa: gunia ni lile lile, vibaba vimeongezeka, naye anaamini mchele umezaa. Saa moja ya ukutani inakuwa saa moja na robo ndani ya mashine. Kerberos, itifaki ya kuthibitisha watumiaji ambayo kwa kawaida huvumilia tofauti ya dakika 5 tu, itaanza kukataa watumiaji baada ya dakika 20. Namba za siri za mara moja, zinazobadilika kila sekunde 30, hazitalingana na za kwenye simu. Muda wa kusubiri majibu utaisha kabla ya wakati wake, na msimamizi atatafuta kosa kwenye mtandao, mahali ambapo halipo.

Wengi hudhani NTP, itifaki ya kulinganisha saa kupitia mtandao, itarekebisha. NTP ni ya kurekebisha saa iliyopotoka kidogo: huduma ya kawaida ya ntpd husogeza saa taratibu kwa kiwango kisichozidi sehemu 500 kwa milioni. Hapa tuna upotovu wa sehemu 250,000 kwa milioni. Kitakachofuata ni saa kurushwa nyuma mara kwa mara, na kwa hifadhidata inayopanga miamala kwa wakati, saa inayorudi nyuma ni hatari kuliko saa inayowahi.

Kuna tiba ya kwenye chuma yenyewe, nayo ni uwezo wa kukuza au kupunguza TSC. Prosesa huzidisha kihesabio chake kwa uwiano kabla ya kumwonyesha mgeni. Katika mfano wetu, mwenyeji wa 3.0 GHz angezidisha kwa 0.8 na mgeni angeendelea kuona 2.4. Prosesa za AMD zimekuwa na uwezo huo tangu kizazi cha Bulldozer cha mwaka 2011, na Xeon Scalable za kuanzia 2017 zinao pia. Pasipo uwezo huo, KVM inabaki na njia duni. Mgeni mwenye masafa makubwa kuliko ya mwenyeji hurushiwa hesabu mbele mara kwa mara ili afikie. Saa inakwenda kwa kurukaruka, lakini inafika. Mgeni mwenye masafa madogo kuliko ya mwenyeji hana msaada wowote. Kwa hiyo kuhama kutoka seva ya zamani kwenda mpya yenye kasi, safari ambayo kila mtu huifurahia, ndiyo yenye madhara zaidi.

Linalonisikitisha ni kwamba QEMU, usipoitaja namba ya masafa mwenyewe, haikatai uhamisho masafa yasipolingana. Hutoa onyo kwenye logi, kisha huendelea. Ukiitaja, inakuwa kali: mahali pasipoweza kutimiza, mashine haitaanza. Ndiyo maana napendekeza namba iandikwe wazi kwa kila mashine pepe inayotarajiwa kuhama. Kwenye libvirt, zana ya kusimamia mashine pepe, ni mstari mmoja ndani ya sehemu ya saa:

`<timer name='tsc' frequency='2400000000'/>`

Namba ni kwa hezi. Kabla ya kuichagua, endesha `virsh capabilities` kwenye kila mwenyeji. Itakuonyesha masafa yake, na kama uwezo wa kuzidisha upo au haupo. Wote wakiwa nao, chagua namba yoyote moja na uitumie kote. Kukiwa na seva kongwe zisizo nao, zitenge katika kundi lao na usiruhusu mashine zivuke. Usishtuke ukikuta seva mbili za modeli moja zinatofautiana tarakimu za mwisho: KVM huvumilia tofauti ya hadi sehemu 250 kwa milioni, ambayo mgeni akiiachiwa bila NTP ni kama sekunde 21.6 kwa siku. Tofauti ya aina hiyo NTP inaimudu.

Je, kvm-clock, saa ambayo KVM humpa mgeni, haitoshi? Kwa kerneli ya mgeni inatosha mara nyingi, kwa sababu mwenyeji mpya humwandikia mgeni uwiano mpya baada ya kuhama. Haisaidii programu zinazosoma RDTSC moja kwa moja na kushika kipimo chao cha mwanzo. Tena, mgeni wa Linux akitangaziwa kwamba TSC yake haibadiliki, kupitia alama ya `invtsc`, kerneli za sasa huiacha kvm-clock na kuchagua TSC. QEMU inalitambua hilo: ukiwasha `invtsc` bila kutaja masafa, huzuia uhamisho kabisa. Ukiangalia `/sys/devices/system/clocksource/clocksource0/current_clocksource` ndani ya mgeni utajua anategemea ipi.

Kwa mashine zilizopo tayari, soma kwanza masafa ambayo kila moja iliwaka nayo. Mashine pepe isiyo na namba huchukua masafa ya mwenyeji inapoanzishwa, kwa hiyo kwenye kundi lililonunuliwa kwa awamu utakuta zinatofautiana. Na ukishaandika namba mpya, kuwasha upya kutoka ndani ya mgeni hakutoshi, maana mchakato wa QEMU ni ule ule. Izime mashine kabisa, kisha uianzishe tena kutoka kwa mwenyeji.