Cheti cha afya hakipimi sufuria

Muulize mwenye kibanda cha chakula pale soko la Gikomba, Nairobi, kama chakula chake ni salama, na huenda akakuonyesha cheti cha afya kilichobandikwa ukutani. Wengi wetu huridhika hapo. Lakini cheti hicho, ambacho hudumu miezi 6 tu, kinamhusu mpishi: kwamba siku aliyopimwa hakukutwa na ugonjwa wa kuambukiza. Kibali cha kaunti nacho ni ruhusa ya kuuza, basi. Wali ulipikwa saa ngapi, vyote viwili havijui.

Na wali ni mjanja. Bakteria aitwaye Bacillus cereus ana chembe zinazostahimili kuchemka. Wali ukishinda vuguvugu sufuriani, chembe hizo huamka, bakteria huzaana na kutoa sumu ambayo hata ukiupasha tena haitoki. Kwa hiyo ile "si nimepasha moto?" haitoshi. Chakula kikae juu ya nyuzijoto 60, au kipozwe upesi hadi chini ya 5.

Mimi hukagua kachumbari kwanza. Haipikwi, usalama wake ni maji, kisu na mikono. Mkono uliotoka kupokea noti ukiingia bakulini, naomba mutura (ile soseji ya kienyeji ya kuchoma) mtupu, bila kachumbari.