Je, wajua kwa nini asilimia za wakazi wa kaunti ya Marekani zinaweza kuzidi 100?

Ukifungua takwimu za sensa ya mwaka 2000 za Kaunti ya Starr, kaunti ya miji midogo na ranchi iliyo kusini mwa Texas ukingoni mwa mto Rio Grande, utakuta kwamba kati ya wakazi wake 53,597, karibu asilimia 88 walihesabiwa kuwa Weupe. Mistari michache chini yake utakuta kwamba zaidi ya asilimia 97 ya wakazi haohao ni Walatino, yaani watu wenye asili ya Hispania au Amerika ya Kilatini. Ukijumlisha mistari hiyo miwili unapata asilimia 185, na hakuna kosa la uchapaji wala la hesabu.

Kwa muda mrefu niliyasoma vibaya majedwali ya namna hii. Niliamini kwamba ukiwaondoa Weupe, wanaobaki ni Weusi, Waasia, Wenyeji wa Asili wa Amerika na Walatino, kila kundi na fungu lake, na mafungu yote yakiwekwa pamoja yanatimia 100. Pale yalipokataa kutimia, nilidhani aliyeandaa jedwali ndiye aliyekosea. Kosa langu lilitokana na mazoea ya lugha. Tunapotaja Weupe, Weusi na Walatino kwa pumzi moja, kama habari za uchaguzi wa Marekani zinavyofanya kila mara, tunayapanga majina hayo kana kwamba ni majibu matatu ya swali moja.

Fomu ya sensa haiulizi hivyo, bali ina maswali mawili. La kwanza linauliza kama mtu ana asili ya Kihispania au Kilatino, na linajibiwa kwa ndiyo au hapana, kisha anayesema ndiyo anataja chimbuko lake, kama vile Mexico, Puerto Rico au Cuba. La pili linauliza rangi, na kila mtu anatakiwa kulijibu, pamoja na yule aliyekwisha kusema kwamba ni Mlatino. Fomu za mwaka 2010 na 2020 zilieleza waziwazi, kabla ya maswali hayo, kwamba kwa ajili ya sensa hiyo asili za Kihispania si rangi. Kwa hiyo Mlatino anaweza kuwa Mweupe, Mweusi, Mwenyeji wa Asili au vyote kwa pamoja, na anahesabiwa katika majedwali yote mawili bila kuhesabiwa mara mbili katika lolote.

Swali lile la kwanza huitwa kwa Kiingereza swali la “ethnicity”, lakini neno letu la kabila halitusaidii kulielewa, kwa sababu lina makundi mawili tu: Walatino na wasio Walatino. Mkulima mwenye asili ya Ireland, mfanyakazi wa kiwanda cha nyama aliyetoka Somalia na mwalimu Mwenyeji wa Asili, wote wanaingia katika kundi moja la wasio Walatino. Mtu anayetarajia kuona utajiri wa makabila katika safu hiyo ya jedwali hataupata, kwa kuwa safu yenyewe haikuundwa kuuonyesha.

Kosa hili si dogo, kwa sababu linaweza kugeuza kabisa sura ya mahali. Turudi Starr. Anayesoma mstari wa rangi peke yake ataondoka akiamini kwamba hiyo ni kaunti ya Weupe kwa maana ya mazungumzo ya kawaida ya Marekani, yaani wazao wa wahamiaji wa Ulaya wanaozungumza Kiingereza. Lakini kama Walatino ni zaidi ya asilimia 97, basi Weupe wasio Walatino hawawezi kufika hata asilimia 3. Mstari unaostahili kutafutwa ni ule wa Weupe wasio Walatino, ambao unapatikana tu maswali yote mawili yanapounganishwa. Kwa nchi nzima pengo ni dogo zaidi: mwaka 2020 waliojitaja kuwa Weupe pekee walikuwa asilimia 61.6, na Weupe pekee wasio Walatino asilimia 57.8.

Ili kuelewa jinsi hesabu inavyofanyika, fikiria robota la nguo 100. Unaambiwa uzipange kwa rangi, nawe unapata nyeupe 60, nyeusi 30 na nyekundu 10. Kisha unaambiwa uhesabu za pamba, unapata 95. Hakuna atakayejumlisha 100 na 95 na kushangaa kwamba robota limekuwa na nguo 195, kwa sababu kila mtu anajua kwamba rangi na aina ya kitambaa ni sifa mbili za nguo ileile. Wala hakuna atakayedhani kwamba nguo 40 zisizo nyeupe ndizo za pamba.

Sasa ongeza nguo za mistari. Hadi sensa ya 1990, shati lenye mistari myeupe na myeusi lililazimika kuwekwa katika fungu moja tu. Kuanzia sensa ya 2000 mtu aliruhusiwa kuchagua rangi zaidi ya moja, na hivyo likapatikana fungu la mistari, linaloitwa rangi mbili au zaidi. Kwa kuwa visanduku vikuu ni sita, kikiwemo kile cha rangi nyingine, michanganyiko yote inayowezekana ni 63.

Mwaka 2020 likatokea jambo ambalo mimi naliona kuwa la ajabu kuliko yote katika takwimu hizi. Chini ya kisanduku cha Weupe na cha Weusi kiliwekwa kistari cha kuandika chimbuko, na Ofisi ya Sensa ikaanza kusoma maandishi marefu zaidi na kuyapa alama nyingi zaidi. Ni kama wapangaji wa nguo walioanza kugeuza pindo la kila shati: shati jeupe lililokutwa na uzi mmoja wa bluu pindoni likahamishiwa fungu la mistari. Mkazi aliyechagua Mweupe kisha akaandika Mexico kwenye kistari alihesabiwa kuwa Mweupe na wa rangi nyingine, hivyo akawa wa rangi mbili. Mwaka 2010 Walatino waliohesabiwa kuwa Weupe pekee walikuwa asilimia 53, na mwaka 2020 walibaki asilimia 20.3. Waliohesabiwa kuwa wa rangi mbili au zaidi walipanda kutoka asilimia 6 hadi asilimia 32.7. Baadhi ya mabadiliko hayo huenda ni ya kweli, kwa kuwa watu hubadili namna wanavyojitaja, lakini Ofisi ya Sensa yenyewe ilisema kwamba sehemu kubwa imetokana na fomu na usomaji wake. Kwa hiyo anayeandika kwamba Weupe wa kaunti fulani wamehama kwa wingi kati ya 2010 na 2020 anapaswa kwanza kuuliza kama wamehama kaunti au wamehama safu.

Historia ya kutenganisha maswali haya ni fupi kuliko wengi wanavyodhani. Sensa imefanywa kila baada ya miaka 10 tangu 1790, na kwa muda mwingi karani ndiye aliyeamua rangi ya mtu. Mwaka 1930 Mmexico aliorodheshwa kuwa rangi kamili, na mwaka 1940 kundi hilo likaondolewa. Swali la asili ya Kihispania liliulizwa sampuli ya watu mwaka 1970 na kila mtu mwaka 1980, baada ya serikali kuweka mwaka 1977 kanuni iliyotenga rangi na asili hiyo.

Kwa nini watu wa Starr walijiita Weupe kwa wingi namna hiyo? Familia za Kihispania zilikaa bonde la Rio Grande tangu karne ya 18, na mkataba wa 1848 kati ya Marekani na Mexico ulipoliweka chini ya Marekani, waliobaki walipata uraia wakati ambapo sheria iliwaruhusu Weupe pekee miongoni mwa wageni kuuomba. Maelezo hayo yana nguvu, ila fomu hairekodi sababu ya mtu kuchagua kisanduku, kwa hiyo yachukuliwe kama usuli na si uthibitisho.

Katika kaunti ndogo za mashambani kuna tahadhari mbili zaidi. Wafungwa huhesabiwa mahali gereza lilipo, hivyo gereza moja kubwa linaweza kubadilisha muundo wa rangi wa kaunti ambayo wafungwa hao hawakuzaliwa wala hawatembei katika barabara zake. Tena, mwaka 2020 Ofisi ya Sensa iliongeza na kupunguza kwa makusudi idadi ndogondogo ili mtu mmoja asiweze kutambuliwa, ikaacha jumla za majimbo zikiwa kamili lakini si za kaunti. Katika Kaunti ya Loving, Texas, iliyotangazwa kuwa na wakazi 64, mtu mmoja ni zaidi ya asilimia 1.5, na hapo desimali hazina uzito wowote.

Mwezi Machi 2024 kanuni ya 1977 ilirekebishwa tena: maswali mawili yanaunganishwa kuwa moja, Mlatino anakuwa kisanduku kimoja kati ya saba, na watu wa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, ambao hadi sasa wamehesabiwa kuwa Weupe, wanapewa kisanduku chao. Mkazi wa Starr akijibu fomu ya namna hiyo ataweza kuchagua Mlatino peke yake na kuishia hapo, na ule mstari wa asilimia 88 hautakuwa na mwingine wa kulinganishwa nao.